Kurasa Mia Mbili na Kumi za Mwalimu Omwenga

Mama yake Nyanchera ndiye aliyemuua mzee Ogari. Nililijua hilo tangu ukurasa wa kumi na tisa, na bado nilikuwa na kurasa mia moja tisini na moja za kupiga chapa.

Nilimaliza siku ya Ijumaa, mwezi wa nane, mwaka wa sabini na mbili. Nilichomoa karatasi ya mwisho kwenye taipureta, nikaisoma mara mbili nikidhani kuna mahali nimeruka. Sikuwa nimeruka. Kijana Obwocha, mpelelezi shujaa wa zamani zile kabla ya wazungu kufika Getembe, mji wa Kisii wa sasa, amezunguka vijiji tisa akimtafuta aliyetia sumu kwenye pombe ya mzee Ogari. Anafika mlangoni pa muuaji. Anasimama. Anatazama chini. Kisha anageuka, anakwenda zake. Na chini ya ukurasa wa mwisho wa daftari lake, kwa wino mwekundu, mwandishi alikuwa ameandika kwa mkono wake: MWISHO.

"Mwisho wa nini?" nikaiuliza karatasi.

Fundi Thadeus aliinua kichwa kwenye cherehani yake. Tulikuwa tukigawana chumba kimoja pale mjini Kisii, yeye upande wa barabara na suruali zake, mimi upande wa dirisha linalotazama mlima wa Nyanchwa.

"Unaongea na nani, Mokeira?"

"Na Mwalimu Omwenga."

"Mbona hajafika?"

"Ndiyo maana naongea naye bila wasiwasi."

Thadeus alicheka, akarudi kwenye suruali. Yeye alijua. Mji mzima ulijua, isipokuwa labda mwalimu mwenyewe.

Ningekuwa mpiga chapa tu, kazi ingekuwa rahisi. Ningezifunga zile kurasa kwa uzi, nikampa mwenyewe na kumwambia hongera, nikaendelea na barua za mawakili. Lakini tangu mwezi wa tatu mwanamume yule alikuwa akishuka kutoka Ekerenyo kila Ijumaa na sura moja au mbili za daftari. Siku ya mvua alikuwa akiingia amelitia daftari ndani ya shati, daftari kavu, mwalimu chapachapa. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye macho ya mtu aliyeamshwa sasa hivi na habari njema. Akiketi kwenye kile kiti cha wateja alikuwa hatazami mashine. Alitazama mikono yangu. Nami, ambaye kwa kawaida hupiga maneno hamsini kwa dakika, nilikuwa nikikosea hata jina la wilaya.

Ijumaa iliyotangulia alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mokeira, wiki ijayo nitakuuliza mambo mawili."

"Uliza sasa. Kuuliza ni bure."

"La kwanza, kitabu umekionaje. Unijibu kweli, kwa maana Jumatatu nakituma Nairobi kwa wachapishaji. La pili nitakuuliza ukishajibu la kwanza."

"Na kama jibu la kwanza halitakupendeza?"

Alifungua mdomo, akaufunga, akavaa kofia na kuondoka. Nililala na ule ukimya wake wiki nzima.

La pili nililijua. Msichana wa miaka ishirini na saba ambaye wadogo zake wameshaolewa hahitaji kuelezwa la pili. Na nililitaka. Nasema waziwazi, nililitaka kama mtu aliyetembea tangu asubuhi anavyotaka kuketi. Shida ilikuwa lile la kwanza.

Kwani nilishawahi kumsifu mwanamume. Aliitwa Momanyi, alikuwa na gitaa, na sauti yake ilikuwa kama ya mlango usiotiwa mafuta. Miaka mitatu nilimwambia anaimba vizuri. Nilikuwa nampenda, ningemwambia nini? Akaliamini neno langu, akauza ng'ombe wa baba yake, akaenda Nakuru kurekodi. Walimzomea akiwa bado anakaza nyuzi. Aliporudi hakuja kulia begani kwangu. Alikuja kuniambia kwamba mimi ndiye niliyemponza, na mwezi uliofuata akaoa mwingine. Basi nikajiapia mbele ya sanamu ya Bikira Maria kanisani kwetu Birongo kwamba mwanamume nitakayempenda tena atasikia ukweli kutoka kwangu, hata kama ni wa kunirudisha nyumbani mikono mitupu.

Kiapo ni rahisi kukitoa usipokuwa na mtu wa kumpoteza.

*

Saa nane hivi aliingia mama mmoja wa makamo, gauni jeupe la kitambaa kizito, kitambaa kichwani, kikapu mkononi. Hakuketi. Kwanza alipitisha kidole juu ya meza yangu, akakitazama kile kidole, akaonekana amesikitika kidogo kukikuta safi.

"Karibu, mama. Keti."

"Nataka kuandikiwa barua."

"Vizuri. Inakwenda kwa nani?"

Alifikiri. "Kwa serikali."

"Serikali ni kubwa, mama. Tumwandikie nani hasa?"

"Wewe anza tu. Huko mbele tutamjua." Aliketi, akanitazama kuanzia unyweleni hadi viatuni, akarudia upya kama mtu anayehesabu ndizi sokoni. "Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Birongo."

"Birongo kwa nani?"

Nikamtajia. Akauliza kama baba yangu anakunywa. Nikasema anakunywa chai. Akauliza mama yangu alizaa wangapi, na je, katika ukoo wetu kuna mtu aliyewahi kuanguka kifafa, au aliyetajwa uchawi. Wakati huo mashine yangu ilikuwa bado na karatasi nyeupe isiyo hata na tarehe.

Nikamwangalia vidole. Vilikuwa vyeusi ncha zote, weusi wa utomvu wa majani chai usiotoka kwa sabuni. Matamshi yake yalikuwa ya kaskazini kabisa, ya Ekerenyo, kwa Wasabato. Siku ilikuwa Ijumaa, na hakuna mama Msabato wa Ekerenyo anayesafiri hadi mjini Ijumaa alasiri, Sabato ikikaribia kuanza jua likizama, kwa ajili ya barua isiyokuwa na mwenyewe. Kwetu, kijana akitaka kuoa, watu wake humtuma esigani: mtu mzima mwenye macho makali na midomo inayofungika, aende akachunguze binti ni wa nyumba gani, anafanya kazi au anakaa, ana maneno au ana adabu. Mpelelezi wa ndoa. Obwocha wa kwenye kitabu alihitaji sura thelathini. Mimi nilihitaji kikombe kimoja cha chai.

"Mama, chai unaweka sukari?"

"Kidogo." Akaonja. "Umeipika wewe?"

"Amepika Thadeus."

"Mwongo!" alisema fundi kutoka upande wake. "Kapika yeye, mama! Na mandazi pia kapika yeye!"

Yule mama alipokea andazi, akalimega katikati kuangalia kama limeiva ndani.

"Nasikia Birongo nyote mnakwenda kwa mapadri," alisema, akitafuna.

"Tunakwenda, mama."

"Jumapili."

"Kila Jumapili."

Alihema pumzi ndefu, kama anayeona shamba zuri lililo upande usiofaa wa mto. Utani ni ngao yangu, lakini ngao haizuii kila kitu. Huyu alikuwa na mdomo wa kunikataa, na nyumbani kwa kina Omwenga wangemsikiliza.

"Na hayo makaratasi?" Alinyoosha kidole kwenye ule mlima wa kurasa mia mbili na kumi. "Ni ya kesi?"

"Ni kitabu. Hadithi ya zamani. Kimeandikwa na mwalimu mmoja."

"Mwalimu gani?"

"Mmoja tu, mama. Walimu ni wengi."

Tulitazamana. Nilikuwa nakaribia kucheka, na nadhani yeye pia.

"Nisomee," alisema. "Mimi shule niliiona kwa nje, nikipeleka maziwa. Nisomee nijue hao walimu wanafanya nini na wino."

Kabla sijafungua, mlango ukaingiza kivuli kirefu. Mwalimu Omwenga alikuwa amenyoa, amevaa tai. Alitabasamu kwangu lile tabasamu lake, halafu akamwona aliyeketi kwenye kiti cha wateja, na tabasamu likafa wima.

Yule mama alitazama ukuta. Omwenga alitazama dari. Ungedhani wote wawili wamekuja kukagua jengo.

"Mnafahamiana?" niliuliza kwa sauti tamu.

"Hapana," alisema Omwenga.

"Hata kidogo," alisema yule mama.

Thadeus aliangusha mkasi, akachukua muda mrefu sana kuuokota.

"Basi, mwalimu, subiri kidogo," nikasema. "Mama huyu alinitangulia. Anataka nimsomee hadithi."

Nikaanza. Nilisoma kwa Kiswahili, na pale alipokunja uso nikamgeuzia kwa Kikisii. Nilimsomea mzee Ogari alivyokutwa zizini kwa ng'ombe, amekufa, mrija wa pombe bado mkononi. Mama alipiga kofi la paja. Nilimsomea kilio, wazee, shutuma. Alikuwa amesahau chai. Nilipomtajia mama yake Nyanchera kutoka nje ya nyumba na kibuyu wakati watu wote wamo ndani, alisema palepale, "Ni huyo."

"Ukurasa wa kumi na tisa, mama."

"Ni huyo, nakwambia. Kibuyu cha nini saa hiyo? Endelea."

Nyuma yangu nilimsikia mwandishi akirudi hatua moja mlangoni.

Nikaruka mbele, ukurasa wa mia moja arobaini na tatu, pale Obwocha na Nyanchera wanapokutana mtoni. Nilikuwa na nia mbaya kidogo, nakiri. Nilisoma polepole: "'Obwocha alimwona binti akichota maji. Alikuwa mzuri. Obwocha akamkaribia…'"

Viatu vilikwaruza sakafu. Omwenga alikuwa ameshatoka nje, amesimama kwenye baraza ametugeuzia mgongo, shingo imelowa jasho. Na yule mama naye alikuwa amejifunika uso kwa pembe ya kitambaa chake.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikaacha kutabasamu. Ilikuwa ensoni, haya ya kwetu. Si ile aibu ya mtu aliyeiba. Ni ukuta baina ya waliozaa na waliozaliwa: mama na mwana hawakai mahali pamoja yakisemwa ya mapenzi, na mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala haingii chumbani mwake, wala hamwambii neno la kumvua nguo mbele za watu. Huyu mama alikuwa wa kundi la wazazi wa Omwenga, mke wa kaka ya baba yake. Nilikumbuka mwalimu alishawahi kunitajia mama mkubwa Tryphosa. Hakuweza kusikia Obwocha akimkaribia msichana huku aliyeandika amesimama hatua tatu kutoka kwake.

"Ametoka," nilimnong'oneza.

"Haya, soma. Halafu akamfanyaje?"

"'Obwocha akamkaribia, akamwambia kwamba mvua inaelekea kunyesha.'"

Mama Tryphosa aliteremsha kitambaa. "Halafu?"

"Binti akasema, 'Ndiyo.' Wakaachana."

"Wakaachana?"

"Ndiyo mapenzi yenyewe hayo, mama. Hakuna mengine."

"Msichana mzuri hivyo, mtoni, wawili peke yao! Anamwambia habari za mvua! Huyu mwandishi anamwogopa nani?" Akatazama mlango haraka, akajikohoza. "Na muuaji? Alikamatwa?"

"Obwocha alifika mlangoni kwake. Lakini ni mama wa msichana anayemtaka. Akaona haya, akarudi. Kitabu kikaisha."

Hapo Mama Tryphosa alisimama. Kikapu kilipinduka, vitunguu vikabingirika hadi kwenye cherehani.

"Kikaisha! Na damu ya Ogari? Sikiliza, mwanangu. Mkwe kumkabili mama mkwe hawezi, hilo ni kweli, hata mimi angethubutu ningemchapa. Lakini kwani watu wa zamani walikaa tu na mabaya yao wakitazamana? Kijana huyo hana esigani? Esigani ndiye anayeingia pale mkwe asipoweza kuingia, na kuyasema yasiyosemeka! Ndiyo kazi yetu hiyo tangu…"

Alijiziba mdomo kwa kitambaa.

"Kazi yenu akina nani, mama?" niliuliza.

Aliinama akaanza kuokota vitunguu, kimoja kimoja. Nilishuka nikamsaidia. Tulipokutana chini ya meza alikuwa anatikisika mabega kwa kicheko.

"Umenijua tangu lini?"

"Tangu barua ya serikali."

"Yesu wangu." Alifuta macho. "Nimefanya kazi hii mara sita. Hakuna aliyewahi kunijua kabla ya kuondoka." Alijiinua kwa kushika mkono wangu, akapita mlangoni, akasema hewani bila kumtazama aliyesimama barazani, "Wewe mwalimu nisiyekujua, ingia. Mimi nakwenda kununua chumvi. Lori letu linaondoka saa kumi, na Sabato haingoji mtu."

*

Omwenga aliingia, akaketi. Thadeus alikumbuka ghafla kwamba naye hana chumvi.

"Samahani," alisema Omwenga. "Sikujua wangemtuma leo."

"Nimempenda. Ananifurahisha."

"Basi." Alikunja tai yake, akaikunjua. "Mokeira. Lile la kwanza."

Mikono yangu ilikuwa juu ya taipureta na sikuwa na cha kuandika. Nilimwona vile alivyokaa ukingoni mwa kiti, kama mtoto anayengoja matokeo. Neno moja tu, nikajiambia. Sema "kizuri". Atalisema la pili, na utakuwa mkewe kabla ya mavuno.

"Kimenikatisha tamaa, Mwalimu."

Tai ilimtoka mkononi.

"Si kibaya," niliendelea, kwa sababu nikinyamaza nisingeweza kuanza tena. "Kingekuwa kibaya ningelala, na sikulala. Ndiyo maana nimekasirika. Unanizungusha vijiji tisa kumtafuta mtu ninayemjua tangu ukurasa wa kumi na tisa. Unanipa msichana, Nyanchera, halafu katika kitabu kizima anasema mara nne, na mara mbili anasema na mbuzi. Na mwishoni ninangoja, ninangoja, kijana amefika mlangoni, na wewe unamgeuza unamrudisha. Kwa nini?"

"Kwa sababu mama yangu atasomewa," alisema kwa sauti ya chini. "Dada zangu watamsomea. Wajomba watasomewa. Kila nilipotaka Obwocha amguse mkono nilimwona mama ameketi pale kwenye kigoda anasikiliza. Ungeandikaje wewe?"

"Sijui. Mimi si mwandishi. Mimi ni msomaji wako wa kwanza tu, na nimeumia."

"Miaka minne, Mokeira. Baada ya kusahihisha madaftari ya watoto hamsini. Miaka minne."

"Najua."

"Ungeweza kusema kizuri."

"Ningeweza. Nilishamwambia mtu hivyo, akaenda Nakuru akazomewa."

Nikamsimulia habari za Momanyi, kwa ufupi, bila utani. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliponisikia nikisema dakika tatu bila utani. Alisikiliza, lakini uso wake haukufunguka. Alisimama, akazikusanya zile kurasa, akazigonga juu ya meza zikalingana, akazifunga kwa uzi wake mwenyewe. Fundo la kwanza, fundo la pili. Aliziweka kwapani.

"Asante kwa kazi yako," alisema, na adabu ile iliniuma kuliko kama angenitukana.

Akaenda mlangoni. Nilikaa. Kila kitu ndani yangu kilitaka kuinuka na kusema nimetania, kila mtu anajua mimi ni mtu wa mzaha. Nikabana midomo. Nikashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Ni hivi basi, nikasema moyoni. Ni hivi ndivyo inavyokuwa.

Alisimama, mgongo kwangu.

"Hakuna hata ukurasa mmoja?"

"Wa themanini na nane," nilisema bila kufikiri.

Aligeuka nusu. "Themanini na nane kuna nini?"

"Bibi yake Obwocha. Mvua inavuja nyumbani kwake, naye ameketi katikati ya vyungu vya kukingia maji akimwambia mjukuu kwamba haoni uvujaji wowote, kwa sababu hataki kumsumbua. Obwocha hasemi kitu. Anapanda juu ya paa kwenye mvua ile ile anaezeka hadi asubuhi, na bibi anakaa macho akimwimbia kutoka ndani ili asiteleze kwa usingizi. Ukurasa ule nililia, Mwalimu. Machozi yalidondokea karatasi ya kaboni. Nilirudia kuupiga mara mbili, na nakala ya kwanza iko kwenye droo yangu."

Nje kuku alikuwa anabishana na mtu.

"Huyo alikuwa bibi yangu mzaa mama," alisema mwishowe. "Mwaka wa sitini na moja, ile mvua kubwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Ukurasa ule nilitaka kuutoa. Niliona hausaidii kumpata muuaji."

"Mimi muuaji sikumtaka. Nilimtaka aliyepanda juu ya paa."

Maneno hayo yalinitoka kabla sijayavisha kitu. Nilisikia uso wangu ukiwaka. Omwenga alinitazama, na macho yake, yale ya mtu aliyeamshwa na habari njema, yalirudi polepole kama taa inayopandishwa utambi.

"Mokeira," alianza, "lile la pili…"

"Nimepata chumvi!" Mama Tryphosa alikuwa mlangoni, Thadeus nyuma yake na pakiti ya chumvi ya pili. "Jua linakwenda. Mmemaliza biashara yenu?"

Mwanamume alifunga mdomo. La pili halikuweza kusemwa. Mama mkubwa alikuwa amesimama pale, na ukuta ule wa ensoni ulikuwa umerudi mahali pake, tofali juu ya tofali. Omwenga alinitazama kwa huruma. Nami nilimtazama kwa hasira.

Ndipo akafanya jambo ambalo Obwocha asingelifanya hata kwa kurasa elfu. Alirudi, akaziweka kurasa mezani, akazunguka upande wangu, akaiweka sawa ile karatasi nyeupe iliyokuwa ikingoja kwenye mashine, akainama juu ya taipureta yangu na kuanza kutafuta herufi kwa kidole kimoja.

"Mwalimu anaandika nini?" aliuliza Mama Tryphosa.

"Anarekebisha mwisho wa kitabu," nikamjibu.

"Vizuri. Ulihitaji."

Alichukua muda. Herufi M ilimsumbua sana. Alipoinuka nilisoma: MOKEIRA NATAKA KUJA KWENU NA WAZEE UTANIKUBALI.

Thadeus, anayejua kusoma, alianza kurefusha shingo. Nilimkinga kwa bega. Kisha nikapiga, haraka, maneno hamsini kwa dakika: NJOO. MIMI NITABAKI KANISANI KWANGU NA WEWE KWAKO. NA KILA UTAKACHOANDIKA NITAKWAMBIA KWELI.

Alisoma akiwa ameinama kando yangu, karibu hata nikausikia mvuke wa shati lake lililopigwa pasi ya makaa. Kidole kikashuka tena. SAWA. Akafikiri, akaongeza: SAWA SANA.

Alichomoa karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa moyoni. Lakini ule mzigo wa kurasa uliofungwa kwa uzi hakuuchukua. Aliusukuma kwangu, taratibu.

"Jumatatu siendi posta," alisema kwa sauti ya kawaida, ya mteja. "Ijumaa ijayo nitaanza upya. Tutaanza kwa bibi."

"Karibu, Mwalimu."

Mama Tryphosa alitutazama sisi wawili, mmoja baada ya mwingine. Hakuwa amesoma herufi moja na alikuwa amesoma yote. Alinijia, akanishika mkono kwa vile vidole vyake vyeusi.

"Nyumbani wataniuliza," alisema. "Nitawaambia kwamba anakwenda kwa mapadri, na kelele za hilo tutazisikia hadi Krismasi, mama yake Omwenga ana sauti. Nitawaambia pia kwamba ana ulimi. Halafu nitanyamaza kidogo, kwa maana esigani lazima anyamaze kidogo wamwogope. Halafu nitawaambia walete ng'ombe."

Lori la Ekerenyo lililokuwa limeshusha ndizi sokoni lilipiga honi mara mbili. Omwenga alimpandisha mama yake mkubwa kiti cha mbele kwa dereva, akaruka nyuma kwenye majani ya ndizi yaliyobaki, tai ikampeperukia begani. Nilitoka hadi barabarani. Jua lilikuwa bado juu ya Nyanchwa, na mji mzima ulikuwa nje: wenye maduka, wauza mboga, wanawake wa kanisani kwetu, fundi Thadeus na chumvi yake. Msichana wa kwetu hampungii mwanamume mkono hadharani. Hilo nilifundishwa nikiwa bado nabebwa mgongoni.

Lori liliondoka. Nilipunga mikono yote miwili.